Aliye Juu Mngoje Chini: Kushuka Mlima Pamoja na Mtoto Mdogo

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano ya Polisi kwa wakazi wa Mtandire, Lilongwe, na ndugu kutoka makazi ya Dzaleka



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya wizi, ugomvi wa majirani na ajali za barabarani. Leo tumekuja kuzungumza juu ya mlima na mtoto. Mvua zimekwisha, nyasi zimelala, njia za vilimani zimekauka, na sikukuu ya Uhuru ya Julai 6 i karibu. Huu ndio msimu ambao familia hutoka. Wapo wanaokwenda Nkhoma, kusini-mashariki mwa jiji letu, kuupanda mlima ambao kilele chake kinafika takribani mita 1,780. Wapo wanaokwenda Dedza, mji ulio jirani na mpaka wa Msumbiji. Na wapo wasiokwenda kutembea hata kidogo, bali hukwea vilima vya Dowa kutafuta kuni, na kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwachia mtoto, humfunga mgongoni wakaenda naye. Maneno yetu yanawahusu wote hao, hasa mwenye mtoto wa umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 3: mtoto aliyekwisha jua kutembea, lakini hajajua kuogopa.

Tunatambua kwamba tunazungumza na watu ambao baadhi yao wanaijua milima kuliko sisi. Makazi ya Dzaleka yalifunguliwa mwaka 1994, na tangu wakati huo yamewapokea watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Miongoni mwenu wamo waliozaliwa katika milima ya Kivu na ya Burundi, wakaiteremka usiku wakiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, wala hakuna aliyewapa hotuba kabla ya safari ile. Hatukuja kuwafundisha ujasiri. Ila tunaomba jambo moja lipimwe kwa makini. Aliyekuwa akikimbia hakuwa na hiari ya kurudi nyuma. Njia ilikuwa moja, naye aliifuata. Anayekwenda Nkhoma siku ya sikukuu anayo hiari. Aweza kugeuka nusu ya njia, aweza kuahirisha, aweza kukaa chini ya mlima akala mandazi yake na watoto wakacheza. Hiari hiyo ndiyo ulinzi wa kwanza wa mtoto, na ni vibaya kuitupa kwa kuona haya mbele ya wenzetu.

Watu wengi wanapopanga safari ya mlimani hufikiria kupanda. Huuliza kilele kiko umbali gani, na kama mtoto atachoka. Wakishafika juu huhesabu kwamba kazi imekwisha. Kwa hakika wamemaliza nusu tu, tena nusu iliyo nyepesi. Mtu anapopanda, akiteleza huangukia mikono yake, karibu na ardhi. Anaposhuka, uzito wake wote unamsukuma mbele, na misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki kila hatua. Misuli hiyo huanza kutetemeka baada ya muda. Magoti hubeba uzito mara kadhaa kuliko uwanjani. Na yote haya humpata mtu saa ambayo tayari amechoka, amepungukiwa na maji, na mawazo yake yamekwisha tangulia nyumbani.

Kwa mtoto, tofauti ni kubwa zaidi. Mama yeyote aliyelea anajua kwamba mtoto hujifunza kupanda ngazi kabla hajajifunza kuzishuka. Atapanda kwa mikono na magoti hadi juu, kisha akae pale analia, kwa sababu hajui namna ya kurudi. Umbile lake ndilo linalosababisha. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, miguu ni mifupi, na uzito wake umekaa juu. Akiinama kutazama mbele kwenye mteremko, kichwa humvuta. Tena hajui kupima kina cha hatua iliyo chini yake. Akianza kukimbia kwenye mteremko hawezi kujizuia, na yeye mwenyewe huona kuwa ni mchezo, anacheka, mpaka jiwe la kwanza limkwaze.

Wazee wetu walisema, aliye juu mngoje chini. Methali hii husemwa kwa mtu mwenye majivuno, lakini mlimani tunaomba ichukuliwe kama ilivyo. Mtoto akiwa anashuka kwa miguu yake, mtu mzima awe chini yake, si nyuma yake. Akiwa nyuma, ataona mtoto akianguka, lakini hatamfikia. Akiwa chini, hatua moja au mbili mbele, mwili wake ni ukuta, na mtoto atamwangukia yeye. Kama watu wazima ni wawili, mmoja atangulie chini na mwingine afuate juu, mtoto akiwa katikati. Penye mwamba mtelezi, mtoto ageuzwe atazame mlima, ashuke kinyumenyume kwa mikono na miguu kama ashukavyo kitandani, huku aliye chini akimwongoza mguu mmoja baada ya mwingine.

Kuna jambo kuhusu mkono wa mtoto ambalo wengi hawalijui. Tunapoona mtoto anateleza, tabia yetu ni kumnyakua kwa kiganja na kumvuta juu kwa nguvu. Kiungo cha kiwiko cha mtoto wa umri huo bado ni chepesi, na mvuto wa ghafla waweza kukitegua. Baada ya hapo mtoto huuacha mkono ukining'inia, hataki kuutumia, analia ukiguswa, wala hakuna jeraha linaloonekana. Jambo hilo si laana wala si uchawi, na halitibiwi kwa kuukanda mkono nyumbani. Mtoto apelekwe kituo cha afya. Mara nyingi mhudumu mwenye ujuzi hurudisha kiwiko kwa muda mfupi. Lililo bora ni kulizuia: mshike mtoto kifuani au chini ya makwapa, au mfunge kitambaa kiunoni ukishike wewe, kuliko kumning'iniza kwa kiganja.

Tuje sasa kwa mtoto anayebebwa. Hapa Malawi tunasema chitenje, ndugu zetu wa Kongo wanasema kitenge, na watu wa pwani wana kanga. Kitambaa hicho kimelea vizazi, nasi hatuna neno baya juu yake. Lakini kina mambo yake kwenye mteremko. Mtu anayeshuka kwenye changarawe huteleza miguu ikitangulia mbele, naye huanguka kinyumenyume. Aliye mgongoni ndiye atakayefika chini kwanza. Kumhamishia mtoto kifuani si dawa, kwa sababu basi hutaona unapokanyaga. Kumweka mabegani ni hatari zaidi: uzito umepanda juu, na matawi yatampiga usoni.

Njia iliyo salama ni hii. Mtoto abaki mgongoni, amefungwa juu na kwa kukaza, kitambaa kikimshika hadi chini ya shingo, naye asining'inie kiunoni. Anayembeba asibebe kitu kingine kichwani wala mkononi, isipokuwa fimbo imara aliyoitanguliza mbele. Avae viatu vilivyofungwa, si kandambili. Apige hatua fupi, magoti yakiwa yamelegezwa kidogo, na aushuke mteremko kwa kwenda upande kwa upande badala ya kunyooka chini. Akifika mahali ambapo yeye mwenyewe angehitaji mikono yote miwili, asipite na mtoto mgongoni. Amfungue, ampokeze mwenzake aliye chini, kisha ashuke peke yake. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: mtu mzima asiende mlimani peke yake na mtoto mdogo. Akina mama mnaokwenda kuni, nendeni wawili au watatu, na mzigo wa kuni na mtoto visiwe juu ya mwili mmoja. Aliyebeba mtoto leo abebewe kuni na wenzake, na kesho zamu igeuke.

Baridi nayo isisahauliwe. Anayetembea hutoa jasho, hivyo hudhani kwamba hali ya hewa ni ya joto. Mtoto mgongoni amekaa tu. Mwili wake hautengenezi joto kama wako, na miguu yake inayoning'inia hupoa upesi. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa Dedza huuma, na huko kusini, Mulanje, ukungu wenye manyunyu uitwao chiperoni huweza kuufunika mlima kwa siku nzima. Kila mnapopumzika, gusa kifua au shingo ya mtoto, si viganja vyake, ujue kama ana joto. Mvike soksi na kofia. Mpe maji na chakula kidogo kidogo, hata kama hajaomba, maana mtoto wa umri huo hasemi kiu; hulia tu, au hunyamaza. Mtoto anayelia mlimani bado ana nguvu. Anayenyamaza ghafla, akalegea, huyo ndiye wa kuharakishwa.

Kuhusu wakati, hesabu ianzie mwisho. Katika miezi hii jua huzama Lilongwe mnamo saa 11:30 jioni, na giza la mlimani halichelewi. Kama wewe peke yako ungeshuka kwa saa 1, hesabu saa 2 au zaidi ukiwa na mtoto anayetembea, kwa kuwa atasimama kwa kila konokono na kila jiwe. Toa na saa nyingine ya akiba. Saa utakayoipata ndiyo saa ya kugeuka, uwe umefika kileleni au hujafika. Iseme kwa sauti kabla hamjaanza kupanda, ili wenzako wakukumbushe. Kwenda mbio si kufika. Hata katika mlima Kilimanjaro, wenye waongozaji na wapagazi wengi, watoto walio chini ya umri wa miaka 10 hawaruhusiwi kukwea hadi kileleni. Haitakuwa aibu kwetu kusema, mtoto wangu ataishia katikati ya mlima, na mwakani ataongeza kidogo.

Kabla ya kuondoka, mwambie jirani mnakwenda mlima upi, njia ipi, na mtarudi saa ngapi. Mkifika chini ya mlima, msalimieni mkuu wa kijiji au watu wa nyumba ya kwanza. Si adabu tu, ni watu watakaojua kwamba hamjarudi. Ndugu mnaoishi Dzaleka, chukueni kibali chenu cha kutoka makazini kabla ya safari, mkitunze pamoja na vitambulisho mahali pakavu. Na nyote kumbukeni kwamba mlima una pande nyingi. Anayeshuka upande usio wake hutokea kijiji asichokijua, na katika wilaya zilizopakana na Msumbiji aweza kujikuta katika nchi nyingine na mtoto mgongoni, bila maji na bila maelezo. Mkipotea njia, msiendelee kushuka kwa kubahatisha. Rudini hadi pale mlipokuwa na hakika.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hasa. Ikiwa mtoto amepotea, nini kifanyike?

Simameni hapo hapo. Mtu mmoja abaki mahali mtoto alipoonekana mara ya mwisho, asiondoke hata kwa nusu saa. Wengine watafute karibu kwanza. Mtoto wa umri huu hajui kwamba amepotea. Hatafuti njia; hujificha, hukaa chini ya kichaka, hulala nyuma ya jiwe, na mara nyingi haitikii akiitwa, hasa akiitwa na sauti asiyoijua. Kwa hiyo tazameni chini na ndani, msitazame mbali tu. Kwenye korongo, kijito na ukingo wa mwamba, tangulieni kufika.

Pigeni simu ya polisi, 997, mapema. Hakuna sharti la kungoja saa 24. Saa ya kwanza yenye mwanga ina thamani kuliko usiku mzima wa kurunzi. Mkifikisha taarifa, semeni nguo alizovaa. Ndiyo maana ni vyema kumpiga picha kwa simu asubuhi ile ile mnapoondoka. Semeni pia mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni jina analoitwa nyumbani, si lile la kwenye karatasi. La pili ni lugha anayoielewa. Mtoto aliyelelewa kwa Kibembe, Kifuliru au Kirundi hatatoka mafichoni kwa sababu watu 30 wanamwita kwa Kichewa. Atatoka akisikia sauti ya bibi yake, au wimbo anaoimbiwa akilazwa. Basi mama, baba au ndugu awekwe mbele ya watafutaji, wengine wanyamaze, aite yeye.

Na kwa wanakijiji watakaokutana nanyi, jifunzeni maneno haya machache: "Mwana wasowa, tithandizeni." Maana yake, mtoto amepotea, tusaidieni. Mtaona kwamba hatuko mbali sana. Mwana ni mwana katika lugha zote mbili. Njia wanaiita njira, maji wanayaita madzi, na mvua wanaiita mvula.

Twajua liko jambo linalowafunga wengine midomo. Tangu agizo la Serikali la mwaka 2023 la kuwarejesha wakimbizi makazini, wapo wanaosita kupiga simu ya polisi kwa jambo lolote, kwa kuhofia kuulizwa habari za makaratasi. Hatutajifanya kwamba hofu hiyo haipo. Tumeisikia hapa Mtandire na tumeisikia Dzaleka. Tunachosema ni hiki. Askari anayepokea taarifa ya mtoto aliyepotea ana kazi moja mbele yake, nayo ni kumpata mtoto. Sheria za makazi zitabaki palepale kesho, lakini mtoto wa miaka 2 hawezi kukaa mlimani usiku wa Julai akingoja wakubwa wamalize hofu zao. Ikiwa mtu hawezi kabisa kujileta kituoni, basi amwendee chifu, au mchungaji, au imamu, au mjumbe wa kamati ya ulinzi shirikishi, naye atupigie. Ipo pia namba 116 ya simu ya watoto, isiyotozwa malipo. Mlango wowote utakaobishwa, ubishwe mapema.

Upande wa pili, yawezekana wewe ndiye utakayemwona mtoto peke yake mlimani. Usimchukue ukaenda naye kimya kimya. Kaa naye palepale kwa muda, ita kwa sauti, mfunike, mpe maji. Mzazi wake aghalabu yu karibu. Asipotokea, shuka naye ukiwa na shahidi, moja kwa moja kwa chifu au polisi, na umweleze kila utakayemkuta njiani. Tunasema hivi kwa uzito. Mgeni anayeshuka na mtoto anayelia, asiyefanana naye kwa lugha, huweza kushukiwa kuwa mwizi wa watoto. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulipoenea katika wilaya za kusini, zikiwemo za jirani na mlima Mulanje, watu waliuawa na makundi yenye hasira kabla swali lolote halijaulizwa. Kwa hiyo tunawaomba wenyeji na wageni kwa pamoja: anayemshuku mtu aliye na mtoto amuulize kwa utulivu, amsindikize kwa chifu, na apige 997. Asiinue mkono. Huenda mkono huo ukampiga mtu aliyemwokoa mtoto wa jirani yako.

Ndugu zetu, kutembea mlimani na watoto ni jambo jema, nasi hatukuja kulikataza. Mtoto aliyelelewa katika vichochoro vya mtaa au katika nyumba zilizobanana za makazi anastahili kuiona nchi kutoka juu, aone mashamba, barabara na nyumba ya kwao ilivyo ndogo. Tunataka tu airudie nyumba hiyo akiwa mzima. Kupanda ni kwa mapenzi ya mkubwa. Kushuka kufuate uwezo wa mtoto. Anayepanga safari apange kwanza namna ya kushuka: nani atakuwa chini, nani atambeba, saa ngapi watageuka, na nani atajua wasiporudi. Maswali hayo manne yakiwa na majibu, nendeni kwa amani. Likikosekana jibu moja, mlima utangoja mpaka sikukuu nyingine.

Ofisi yetu iko wazi kwa maswali ya leo na ya siku nyingine.